Katauti ya umeme, ya spana, au sailensa yenye kilango: ipi inafunga kweli?

Kwa mafundi wetu neno "kufunga" lina kazi mbili. Katauti, yaani mlango wa kuutoa moshi wa gari kwa njia ya mkato kabla haujafika kwenye sailensa, unaifunga kwenye gari, halafu ikishafungwa unaitaka ifunge. Vijana wanaoniuliza habari za kitu hiki huwa wanafikiria kufunga kwa kwanza: shilingi ngapi, inchi ngapi, itanguruma kiasi gani. Kufunga kwa pili wanakujua saa tano za usiku, gari linaingia mtaani likipiga kelele kama mashine ya kusaga, na swichi imebonyezwa mpaka kidole kinauma.

Nimeishi na katauti ya spana kwa mwaka mmoja na nusu, na ya umeme kwa muda mrefu zaidi ya hapo, zote kwenye Subaru Impreza ileile ya turbo. Nyumbani ni Ngamiani, Tanga, mji ambao watu bado wanaendesha baiskeli, na usiku ukitulia unasikia mnyororo usiotiwa grisi barabara mbili mbele. Kwa hiyo msitarajie hapa ulinganisho wa uwanja wa mbio. Huu umefanyika mahali ambapo jirani anakujua tangu unavaa kaptula, na hewa ya bahari inakula chuma mwaka mzima.

Kitu chenyewe

Moshi ukitoka kwenye injini ya turbo unapita kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, unapita kwenye masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi, unafuata bomba la katikati mpaka kwenye sailensa, yaani lile pipa la nyuma linalomeza sauti. Katauti ni tawi lenye umbo la Y linalochomelewa njiani, kabla ya sailensa. Mdomoni mwa tawi kuna mlango. Mlango ukiwa umefungwa, moshi unaendelea na safari yake ya kila siku. Ukifunguliwa, sehemu kubwa ya moshi inashika njia ya mkato, inatokea mvunguni, na sauti inatoka mbichi.

Wala si ujanja wa juzi. Magari ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1900 yalikuwa na katauti za kukanyaga kwa mguu, na miji kadhaa ikazipiga marufuku kwa kelele. Baadaye viwanda vyenyewe vililirudia wazo hilo kwa adabu zaidi. Mitsubishi 3000GT VR-4 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoka na swichi ndani ya gari ya kuchagua ekzosi ya upole au ya ukali. Chevrolet Corvette Z06 ya 2006 nayo ilikuwa na vilango vilivyoendeshwa kwa nguvu ya hewa, na wenye nayo wakagundua kwamba ukichomoa fyuzi moja tu vinabaki wazi muda wote. Binadamu ni yuleyule.

Mlango wa spana

Hii ndiyo katauti ya mtu asiye na pesa, na nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu ndiyo inayofunga kuliko zote. Mdomo wa tawi una flenji, yaani ukingo bapa wenye matundu ya bolti, juu yake gasketi, juu ya gasketi kibamba cha chuma na bolti tatu. Ukikaza sawasawa haipiti hata pumzi. Hakuna mota ya kuungua, hakuna waya wa kukatika. Fundi yeyote mwenye grainda na mashine ya kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa kipande cha bamba na bomba la mabaki.

Tabu ni kwamba mlango huu una bawabu mmoja, na bawabu ni wewe. Nakumbuka asubuhi moja nimesimama kando ya barabara baada ya Pongwe, nimetandika boksi chini, spana namba 14 mkononi. Injini ilikuwa imezimwa kama dakika kumi, nikadhani imepoa. Bolti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaniponyoka, nami nikaidaka kwa kiganja kitupu, bila kufikiri, kama mtu anavyodaka embe. Alama ipo hadi leo: ukiitazama kwenye mwanga unaweza kuzihesabu pembe sita za kichwa cha bolti.

Baada ya siku hiyo nilikuwa nikifungua kwa nadra, na kila nikifungua sifungi mpaka kesho yake. Nimewaona wengine, mambo ni hayohayo. Unafungua Ijumaa kwa ajili ya safari ya Jumamosi, Jumapili umechoka, Jumatatu unaenda kazini na mlango wazi. Katauti ya spana inafunga vizuri kuliko zote, ila haifungwi.

Halafu kuna chumvi. Bolti za kawaida, kwa hewa yetu, baada ya masika moja zinashikana na nati kana kwamba zimechomelewa. Dawa ni nati za shaba ya njano, ambazo hazigandi kirahisi, pamoja na ile grisi ya shaba inayostahimili moto. Bila hivyo utakuja kuzikata kwa grainda, na cheche za grainda mvunguni mwa gari lenye tangi la petroli si mchezo ninaoupendekeza.

Mlango wa umeme

Hapa badala ya kibamba kuna kipepeo, duara la chuma linalozunguka kwenye mhimili kama kile cha kwenye throto. Mhimili unazungushwa na mota ndogo ya volti 12 kupitia gia. Waya ni mbili tu. Swichi inapogeuza chanya na hasi, mota inazunguka upande wa pili, na mlango unaofunguka unageuka kuwa mlango unaofunga. Kazi yote ni sekunde chache, na umekaa kwenye kiti chako. Rimoti ni hivyohivyo, imeongezewa kijiboksi cha kupokea. Kati ya majina yaliyozoeleka kuna QTP ya Marekani. Chini yake kuna bahari ya za Kichina zisizo na jina, zinazofanana kama mapacha na kutofautiana bei kwa sababu ya picha ya kwenye boksi.

Ya kwanza niliyonunua ilitoka kwenye bahari hiyo. Fundi wangu wa siku zote alikuwa safarini, nikampa mwingine. Akapima, akaona mota inakaa vizuri zaidi ikitazama chini, akachomelea. Kwa macho kazi ilikuwa safi. Miezi miwili ya kaskazi mambo yakaenda, nikawa nafungua na kufunga hata pasipo sababu, kama mtoto aliyepewa tochi. Kisha masika ikaingia.

Alhamisi moja nilikuwa natoka Muheza. Mvua ilianza tangu alasiri, na kabla ya kufika Pongwe maji yalikuwa yametuama barabarani. Nilikuwa nimeiacha wazi. Nikapita kwenye dimbwi, nikabonyeza kufunga. Mota ikasema krrr, ikanyamaza. Nikabonyeza tena na kushikilia, kimya. Nikaingia Ngamiani saa nne na nusu usiku nikiwa gia ya tatu, mguu juu ya pedali kama naukanyaga uso wa yai, na bado vioo vya madirisha ya watu vilikuwa vinatetemeka.

Alfajiri nikakutana na mzee wa nyumba ya pili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kidogo akiegemea bakora.

"Mwanangu, lile gari lako limelala salama?"

"Limelala, mzee."

"Alhamdulillahi. Maana sisi hatukulala."

Akaendelea na njia yake ya msikitini. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Tulipoishusha katauti ile, kofia ya mota ilimwaga maji ya rangi ya chai kavu. Mhimili ulikuwa mgumu kwa masizi na kutu. Gia ya ndani ilikuwa ya nailoni, na meno matatu ya upande mmoja yalikuwa yamelala chini ya kofia kama mbegu za papai. Ukiyafuatilia, makosa ni matatu na yote yalisaidiana. Mota ilitazama chini, maji yakaingia. Chuma kilikuwa cha kawaida, mhimili ukaota kutu. Na mimi mwenyewe, kwa kushikilia swichi wakati mlango umekwama, niliilazimisha mota isukume kitu kisichosogea mpaka gia ikakatika. Nyingi za bei ya chini hazina swichi ya ndani ya kuisimamisha mota mlango ukifika mwisho. Kidole chako ndicho swichi hiyo: ukisikia sauti ya mota inabadilika, achia.

Ya pili niliifunga tofauti, na hadi sasa inaniitikia. Mota imekaa ubavuni, imeinuliwa kidogo, waya zinatoka kuelekea chini ili maji yadondoke badala ya kufuata waya kuingia ndani. Kati ya bomba na mota kuna kibati cha kukinga joto. Hilo la joto msilipuuze: kwenye gari la turbo ukikanyaga kwa muda, moshi unaotoka kwenye turbo unaweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi, na hata ukipoa njiani, nailoni inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi. Ndiyo maana katauti inayokaa katikati ya gari inaishi kuliko iliyobanwa karibu na turbo. Mwili na kipepeo ni stenlesi ya 304, isiyoshika sumaku au inayoishika kwa mbali sana. Nendeni dukani na kisumaku mfukoni. Umeme unatoka kwenye betri kupitia fyuzi iliyowekwa karibu na betri, wala si mwisho wa waya, kwa kuwa fyuzi ya mwisho hailindi waya uliochunika njiani. Na swichi inapata umeme baada ya kuwasha gari tu, ili watoto wasiichezee.

Jambo la mwisho ni zoezi. Kila wiki naifungua na kuifunga mara mbili tatu, hata kama sina safari. Kipepeo kisichosogea kinajengewa masizi pembeni, na siku ukikihitaji kinakuwa kimeoteana na bomba.

Kwenye kufunga, basi, ya umeme inashika nafasi ya pili kwa ubora na ya kwanza kwa matumizi. Hata nzuri haibani kama gasketi; injini ikiwa baridi utasikia mluzi mwembamba au tik-tik-tik mvunguni. Lakini inafungwa, kila siku, kabla hujakata kona ya mtaa wako. Ubaya wake mkubwa ni huu: ikifa, inabaki pale ilipofia. Ikifia wazi, uko wazi. Mimi sasa natembea na kibamba cha spana, gasketi na bolti tatu kwenye buti, na fundi aliniwekea flenji nje ya kipepeo ili kibamba hicho kiingie. Tangu niweke sijakihitaji.

Sailensa yenye kilango

Hii haitokezi moshi mvunguni. Kilango kiko ndani ya sailensa au kwenye bomba lake la pili. Kikifungwa moshi unazungushwa kwenye vyumba vya kumeza sauti, kikifunguliwa unapita moja kwa moja hadi nyuma ya gari. Sauti yake wazi ni nzito, ila imestaarabika. Mlio haufiki ule wa katauti, na kwa watu wengi hiyo ni sifa wala si kasoro.

Nyingine zina mota, nyingine zinaendeshwa kwa nguvu ya hewa inayofyonzwa na injini. Za hewa zina jambo zuri ambalo ya umeme haina: ndani kuna springi, na mpira ukipasuka springi inakirudisha kilango upande wake mmoja. Kabla ya kununua uliza springi inarudisha upande gani. Zipo zinazorudi wazi, zipo zinazorudi kufungwa, na kwa anayelala Ngamiani jibu sahihi ni moja. Kwenye gari la turbo kumbuka pia kwamba ukikanyaga, injini haifyonzi tena, inasukuma. Bila kikopo cha akiba na vali ya njia moja, kilango kitabadili msimamo katikati ya safari bila kukuuliza.

Shida yake ni kupatikana. Kwa Tanga utaagiza, na ukiagiza utalipia ukubwa wake, kwa kuwa sailensa si kitu cha kutia kwenye bahasha.

Kuna binamu yake wa mbali anayestahili mistari miwili. Sailensa za michezo za mtumba kutoka Japani mara nyingi huja na kizibo kinachoingia kwenye ncha na kushikwa na bolti moja. Kizibo ndani, gari linanong'ona; kizibo nje, linazungumza. Kinabana njia ya moshi, kwa hiyo hukitaki ukiwa unakanyaga, lakini kukitoa ni kazi ya dakika tatu ukiwa umechuchumaa nyuma ya gari badala ya kulala chini yake. Ukikuta sailensa hiyo na kizibo chake hakijapotea, fikiri mara mbili kabla ya kuingia gharama ya katauti.

Nguvu: hapa watu wanadanganyana

Kwenye gari lisilo na turbo, lenye ekzosi ya kawaida iliyo nzima, katauti inaleta nguvu ndogo ambayo makalio yako hayataihisi. Masikio ndiyo yatakayohisi, kisha yataidanganya akili. Mwenye Altezza ya 2.0 anayetaka katauti ajue ananunua sauti, na hakuna ubaya, mradi ajue.

Kwenye turbo hesabu inabadilika. Turbo inafanya kazi kwa tofauti ya msukumo kati ya kabla na baada yake. Ukiondoa kizuizi nyuma, inaamka mapema na kusukuma kwa wepesi. Hapo pia ndipo upana unapohesabika: bomba la inchi 3 lina nafasi zaidi ya la inchi 2.5 kwa karibu asilimia 44, ingawa kwa mkono tofauti inaonekana kama ya kidole. Lakini mlango mpana kwenye bomba jembamba haufai kitu. Kama bomba lako kabla ya katauti ni la inchi 2.5, nunua ya inchi 2.5.

Wepesi huo una meno. Kwenye injini kama EJ20 ya Subaru, ukifungua ekzosi ghafla, msukumo wa turbo unaweza kupanda kupita ulivyopangwa, kwa sababu kijilango cha kupunguza moshi kwenye turbo kinazidiwa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikiona hivyo inakata mafuta, na gari linashtuka kama limegonga ukuta wa magodoro. Mshtuko huo unakuokoa. Usiutafutie dawa ya kuuzima. Weka geji ya busti, yaani ya kupima msukumo huo wa turbo, kabla ya kufunga katauti. Mimi nilianza na kelele nikaja kwenye geji, na huo ni mpangilio wa kijinga.

Kwenye nguvu, ya spana na ya umeme za upana mmoja zinalingana, isipokuwa kipepeo kinabaki njiani kama sarafu iliyosimama wima. Sailensa yenye kilango iko nyuma yao kidogo.

Mahali pa kuchomelea

Tawi likae baada ya masega na baada ya sensa ya mwisho ya oksijeni. Likikaa kabla au karibu mno, hewa ya nje inaingia kwenye mapigo ya moshi, sensa inasoma oksijeni isiyotoka kwenye injini, kontroli boksi inaongeza mafuta bila haja, na wewe unaanza kulalamika kwamba gari linakunywa. Betri ichomolewe kabla ya kuchomelea. Bomba la ekzosi ni jembamba, na vijiti vya kawaida kwa moto mkali vinalitoboa. Mtafute mwenye mashine ya waya na gesi, au mwenye mkono mtulivu.

Mdomo wa tawi utazame pembeni na chini, mbali na tangi, mipira ya breki, propela na matairi. Na pima urefu kutoka chini gari likiwa na watu wanne. Tuna matuta mengi, na yasiyopakwa rangi ni mengi pia. Ya umeme ndiyo inayoning'inia zaidi kwa sababu ya mota, ya spana kidogo, sailensa yenye kilango haiongezi chochote mvunguni. Kwa gari lililoshushwa hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kuna la moshi, na hili halina mzaha. Katauti inatoa moshi chini ya miguu ya waliokaa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kama sakafu ina tundu la kutu, au mpira wa gia umepasuka, gesi hiyo inaingia ndani, hasa gari likiwa limesimama kwenye foleni na vioo vimepandishwa kwa ajili ya AC. Ziba matundu kwanza. Usiiwashe gari mlango ukiwa wazi ndani ya banda la gari, hata kwa dakika mbili za kumwonyesha rafiki. Hapa sailensa yenye kilango inaziacha zote mbili mbali, kwa kuwa moshi wake unatoka nyuma.

Trafiki na masikio

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, na kanuni za mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo ni za 2015. Hakuna kati ya hizo iliyoandikwa kumfurahisha mwenye Subaru. Kusema "lakini mlango unafungika, afande" kunasaidia endapo umefungika wakati unasimamishwa. Mwenye spana hana la kusema. Mwenye umeme anafunga kabla hajafika. Nami nimejiwekea mipaka: nafungua nikiwa nje ya mji, nafunga kabla ya Kange nikirudi, na eneo la Bombo, penye hospitali, sipiti wazi hata mchana.

Masikio yako nayo yahesabu. Wataalamu wa usalama kazini wanachukua desibeli 85 kama kikomo cha saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 94 ni saa moja tu. Safari ya Segera ni zaidi ya kilomita 70, na ukiwa wazi njia nzima unafika kila kitu kinasikika kama uko ndani ya mtungi.

Nani achukue ipi

Gari la mazoezi ya rali linalobebwa au kutumika mara chache, na una jeki na subira: spana. Usitupe pesa kwenye mota.

Gari la turbo unaloendesha kila siku, unakaa mtaani na watu, na uko tayari kulipia stenlesi na fundi atakayeigeuza mota iangalie ubavuni: umeme. Kama pesa inatosha ya bei ya chini tu, subiri, au chukua ya spana kwa sasa na umwambie fundi aache flenji ya kukubali ya umeme baadaye. Gharama ya kuchomelea mara mbili inazidi unachookoa.

Gari lisilo na turbo, au lililoshushwa, au lenye watoto kiti cha nyuma: sailensa yenye kilango, na kama haipatikani, ile ya mtumba yenye kizibo. Familia yangu ingekuwa inapanda Impreza kila siku ningekuwa upande huu.

Na anayetaka kukata bomba tu, aondoe sailensa moja kwa moja kwa kuwa ni rahisi: huyo simlinganishi na yeyote, mzee wa nyumba ya pili atamlinganisha mwenyewe.

Ukishaamua ya umeme, ifanyie jaribio hili palepale dukani kabla hujatoa pesa. Omba betri, ifunge kwa mota yake, wala usiifunge kwa mkono. Kisha inyanyue uitazame juani, jicho upande mmoja na mwanga upande wa pili. Ukiona uzi mwembamba wa mwanga kuzunguka kipepeo, sawa pande zote, hiyo ni ya kawaida. Ukiona umenenepa upande mmoja kama hilali ya siku ya tatu, mrudishie muuzaji, uombe nyingine.